Nani Apigaye Ngoma? Mwanamke katika Filamu za Tanzania

Msomaji wa mwambao akisikia jina la Chang'ombe, fikra humpeleka Temeke, Dar es Salaam. Iko Chang'ombe nyingine, kata ya Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Katika nchi hiyo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake: huibana baina ya mapaja, wakaidunda kwa viganja, na hadhira ikafuata mdundo wao. Sisi wa Visiwani hatuwezi kulistaajabia jambo hilo, kwani marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizipiga ngoma za unyago kwa mkao ulio jirani na huo. Bara na pwani, basi, zinakubaliana kwamba mwanamke anaweza kuyashika mapigo, wengine wakamfuata. Mbona basi katika filamu zetu amekuwa mchezeshwa kwa muda mrefu hivi?

Tuanze na Arusi ya Mariamu (1985) ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mariamu ni mgonjwa ambaye hospitali haikumfaa, akapelekwa kwa mganga wa jadi. Filamu hii fupi inamheshimu. Inayatazama maumivu yake kwa utulivu, bila ya kuyafanyia tamasha. Hata hivyo, Mariamu ni uwanja ambamo tiba mbili zinashindana. Wengine humchukua, humpeleka, humwamulia, yeye huugua.

Maangamizi (2001), ya Mulvihill na Martin Mhando, ilipiga hatua kubwa. Samehe, anayeigizwa na Amandina Lihamba, ni mgonjwa wa akili aliyekaa kimya kwa miaka mingi. Anakutana na Asira, daktari Mmarekani Mweusi, na juu yao wote wawili yuko bibi wa kale anayewaita. Uzito wote wa hadithi umebebwa na wanawake watatu. Lihamba anatuonyesha kwamba kimya si lazima kiwe unyonge. Chake ni mlango alioufunga mwenyewe, na ufunguo anao yeye. Tanzania iliipeleka filamu hiyo kuwania Oscar. Lakini ilikuwa filamu ya matamasha zaidi kuliko ya mabanda ya video, na mitaa kama Chang'ombe haikuwa na namna nyepesi ya kuipata.

Mabanda yaliletewa kingine. Tangu Girlfriend ya mwaka 2003, filamu za video zikafurika, na nyota wa kike wakawa wengi. Blandina Chagula, maarufu kwa jina la Johari, alikuwa pamoja na Vincent Kigosi katika kampuni ya RJ, jina lililobeba herufi za Ray na Johari. Hapa pana kitendawili: mwanamke alikwisha kuwa na hisa katika biashara, na bado ndani ya hadithi alirudishwa jikoni au kitandani. Tuliwazoea wanne: mke mvumilivu, mama mkwe mkali, kimada mwenye tamaa, na hausigeli aliyetoka bara na mfuko wake mdogo. Wa kwanza alilipwa kwa machozi. Wa tatu aliadhibiwa kwa maradhi au kifo. Na mwanamke mwenye fedha zake? Huyo alishukiwa tangu sura ya kwanza.

Si haki kuwacheka waliolia mbele ya filamu hizo. Machozi yale yalikuwa ushahidi: wengi waliyatambua maisha yao wenyewe. Kosa la watunzi lilikuwa kuugeuza uvumilivu kuwa ndio mwisho wa kila jambo, na kumfanya mume anayejuta dakika ya mwisho kuwa zawadi. Kwa binti wa Dodoma dhara lilikuwa kubwa zaidi. Mtu wa kabila lake, kama alionekana kabisa, alionekana akifagia sebule ya watu wa Dar es Salaam na kuchekwa kwa lafudhi yake. Mtoto akijiona hivyo mara mia, ya mia na moja hahitaji kuambiwa mahali pake ni wapi.

Mabadiliko yamekuja pole pole. Aisha (2015) ya Chande Omar ilimpa Godliver Gordian nafasi ya mwanamke aliyebakwa asiyekubali aibu iwe yake. Fatuma (2018) ya Jordan Riber ilitoka mjini ikaenda shambani, ikauliza jasho la mke linakuwaje mavuno ya mume. Mwaka 2021 zikaja mbili kubwa. Katika Vuta N'kuvute, Amil Shivji aliirudia riwaya ya Adam Shafi, na Yasmin akaikimbia ndoa aliyopangiwa. Filamu ni nzuri kwa macho, lakini uasi wa Yasmin unapitia katika mapenzi yake kwa Denge. Aliye huru hasa ni Mwajuma wa Siti Amina, ambaye hakungoja mwanamume amfungulie dunia. Natamani angepewa nafasi kubwa zaidi. Binti ya Seko Shamte inaeleza maisha ya wanawake wanne, na nyuma ya kamera yuko mwanamke. Tofauti inaonekana: kamera haikimbilii kuhukumu, na mateso ya nyumbani hayamalizwi na msamaha wa haraka.

Kipimo, basi, kisiwe kazi anayopewa mhusika. Mwanasheria wa kike anaweza kuwa pambo, na mkulima akawa shujaa. Tuulize: nani anaamua hadithi igeuke wapi? Kwa kipimo hicho tumetoka mbali tangu 1985. Lakini Binti ni ya Dar es Salaam, na Vuta N'kuvute ni yetu wa Visiwani. Mwanamke wa uwanda wa kati, ambaye ngoma tayari anayo mapajani, bado anadai filamu itakayomfuata yeye.