Kipande cha Nta Kutoka Kinshasa

Kipande cha namna hiyo hutosha katikati ya kiganja. Ni nta iliyoganda, na ndani yake kuna kinyama alichokatwa mgonjwa ili daktari akitazame kwenye hadubini. Hiki ninachokizungumzia kilitoka kwa mwanamke mmoja wa Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, mwaka 1960. Alikatwa kidogo kwenye tezi ya limfu, zile ambazo zikivimba watu husema mtoki. Kinyama kikatiwa dawa ya kuzuia kuoza, kikazamishwa kwenye nta, kikahifadhiwa. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyejua kwamba kuna ugonjwa unaoitwa UKIMWI.

Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza Juni 1981, kwa vijana watano wa Los Angeles, na virusi vyake vikapatikana Paris mwaka 1983. Anayetafuta chanzo cha janga la aina hii hufika msibani matanga yamekwisha kuanuliwa. Wagonjwa wa kwanza wamezikwa zamani, vyeti vyao vimeandikwa homa, kuhara au kifua kikuu, na majirani waliowauguza nao hawapo. Shahidi aliyebaki ni virusi vyenyewe.

Navyo vina mengi ya kusema. VVU hujinakili haraka na hukosea wakati wa kunakili, na kosa likishaingia hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Ukichukua virusi vya watu wawili na kuhesabu makosa vinayotofautiana, unapata kujua virusi hivyo viliachana kutoka kwa babu yao mmoja muda gani uliopita, mradi tu ujue makosa hayo huongezeka kwa kasi gani kila mwaka. Mwaka 2000 Bette Korber na wenzake wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walipiga hesabu hiyo kwa kompyuta kubwa. Jibu likawa kwamba babu wa virusi vilivyoenea duniani aliishi karibu na mwaka 1931.

Lakini hesabu hiyo ni kama saa, na saa lazima ipimwe kwa saa nyingine. Bahati nzuri ilikuwapo damu ya mwanamume mmoja, iliyochukuliwa Léopoldville mwaka 1959 kwa utafiti usiohusiana kabisa na jambo hili, na vinasaba vya virusi vilivyokuwamo vilikuwa vimesomwa na kuchapishwa mwaka 1998. Kina Korber walipoipima damu hiyo kwa saa yao, saa iliitaja tarehe yake karibu na ile iliyoandikwa. Hapo mahesabu yakaanza kuaminika.

Kisha, mwaka 2008, kikaja kile kipande cha nta. Michael Worobey wa Chuo Kikuu cha Arizona, akishirikiana na Jean-Marie Kabongo, Jean-Jacques Muyembe na wengine, alichunguza vipande 27 vya Kinshasa vya kati ya 1958 na 1960. Kimoja tu kilikuwa na virusi. Dawa ya kuhifadhia nyama huzikatakata nyuzi za vinasaba, hivyo ilibidi kuunga vijisehemu vifupi kimoja baada ya kingine, na kazi ikarudiwa katika maabara nyingine ili ijulikane kwamba si uchafu ulioingia kwa bahati mbaya. Walipovilinganisha virusi vya mwanamke huyu na vya yule mwanamume, walikuta vimetofautiana kwa karibu asilimia 12. Mji ni mmoja na sampuli zimepishana mwaka mmoja, lakini pengo lilikuwa kubwa hivyo! Maana yake koo hizo mbili zilikwisha kuachana miongo mingi kabla. Hesabu mpya iliurudisha mwanzo hadi karibu mwaka 1908, kwa makadirio ya kati ya 1884 na 1924.

Kuhusu mahali janga lilipoanzia, msemaji wa Kiswahili anayo njia ya kulielewa jambo hilo. Shuka pwani kutoka Pate: utasikia Kipate, Kiamu, Kimvita, Kivumba, Kimtang'ata, Kipemba, Kimakunduchi. Nenda bara mbali na utakuta lahaja zinapungua, kwa sababu kule lugha ilifika ikiwa imebebwa na wasafiri. Palipo na lahaja nyingi ndipo lugha ilipokaa muda mrefu. Virusi navyo ni hivyo hivyo. Nchi nyingi zina aina moja au mbili tatu za VVU, lakini Kinshasa aina karibu zote zimejaa. Mwaka 2014 Nuno Faria, Oliver Pybus na wenzao waliunganisha ushahidi huo na kumbukumbu za ukoloni wa Ubelgiji, wakaonyesha kwamba janga lilianza kusambaa Kinshasa karibu mwaka 1920, likapanda reli hadi Mbuji-Mayi na Lubumbashi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940, reli zilizopita Kinshasa zilibeba watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Hata hivyo Kinshasa si msitu, na virusi hivi vilitoka kwa sokwe. Timu ya Beatrice Hahn na Martine Peeters ilikusanya kinyesi cha sokwe kwenye misitu ya kusini mwa Kameruni, bila kumgusa mnyama hata mmoja, ikatafuta humo kingamwili na vinasaba. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa katika baadhi ya jamii za sokwe wale, asilimia 29 hadi 35 walikuwa na virusi, na vilivyokaribiana zaidi na vya janga vilikuwa kona ya kusini-mashariki. Huko mito humwaga maji Sangha, Sangha humwaga Kongo, na Kongo hupita Kinshasa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba damu ya sokwe aliyewindwa iliingia kwenye kidonda cha mtu. Sokwe wa Gombe, Kigoma, nao wana virusi vya jamii hiyo, na huwaua, lakini ni tawi jingine.

Tofauti hiyo ya matawi ndiyo iliyoamua ugomvi mkubwa. Mwaka 1999 Edward Hooper aliandika kwamba VVU vilitokana na chanjo ya polio iliyojaribiwa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950, akidai ilioteshwa kwenye figo za sokwe wa Kisangani. Worobey na Bill Hamilton hawakuidharau hoja hiyo. Walikwenda wenyewe Kisangani mwaka 2000, vita vikiendelea, na Hamilton aliugua malaria akafariki baada ya kurudi Uingereza. Virusi vilivyopatikana kwa sokwe wa huko vilikuwa vya tawi jingine kabisa, na mwanzo wa janga ulikuwa miongo kadhaa kabla ya chanjo. Hoja ikaanguka kwa vipimo. Hivyo ndivyo tuhuma nzito inavyopaswa kushughulikiwa.

Naumia kila ninapokumbuka masanduku ya vipande vya nta niliyoyaona nyuma ya hospitali moja, yamelowa mvua yakingoja tanuri la taka. Nawaomba wakuu wa maabara wa Bukoba, Kisumu, Bujumbura na Lubumbashi: kabla hamjatia saini ya kuteketeza makasha ya zamani, mwiteni mtu wa vinasaba ayatazame, na daftari lenye tarehe lihifadhiwe pamoja nayo.