Je, Mchoro Hubadiliwa au Hufuatishwa?

Siku hizi mwenye kujenga nyumba Mbagala katika Temeke, au Bunju katika Kinondoni, aghalabu hupokea ramani ya nyumba yake katika faili la PDF. Akitaka kuongeza chumba, au akiambiwa airekebishe ramani hiyo kabla ya kupata kibali cha ujenzi, huipeleka kwa mchora ramani na kumwomba “abadili PDF kuwa CAD”. Kwa maoni yetu usemi huu una kasoro tatu, na ya tatu yaweza kumtia mwananchi hasarani.

Kasoro ya kwanza ni kwamba usemi huu walinganisha vitu visivyo vya jinsi moja. PDF ni jina la muundo wa faili, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. CAD si faili; ni kazi yenyewe ya kusanifu na kuchora kwa msaada wa kompyuta. Faili analokabidhiwa mteja huwa la DWG, au la DXF, au la muundo mwingine. Anayeomba “kubadiliwa kuwa CAD” ni sawa na mtu apelekaye kitambaa kwa fundi cherehani na kumwambia akigeuze kiwe ushonaji. Vazi alitakalo hakulitaja.

Kasoro ya pili ni kwamba jina PDF lafunika vitu viwili. Faili lililotoka moja kwa moja katika programu ya uchoraji huhifadhi mistari, na kila mstari una mwanzo na mwisho unaojulikana kwa hesabu. Faili lililopatikana kwa kuipitisha karatasi katika skana halina mstari hata mmoja. Lina vitone tu, ambavyo jicho la binadamu huvisoma kuwa ukuta au mlango. Amri ya kuingiza PDF iliyomo katika AutoCAD tangu toleo la 2017 huirejesha mistari ya faili la kwanza. La pili huliacha likiwa picha. Hapo hapana budi mtu akae na kuchora upya juu ya picha hiyo, mstari kwa mstari.

Hata faili la kwanza halirudi kamili. PDF haina duara. Duara huhifadhiwa kama vipande vya mistari iliyopinda. Maandishi yaweza kurudi yakiwa mistari mitupu. Vipimo vilivyofungamanishwa na ukuta hurudi vikiwa tarakimu zisizoujua ukuta wake, hata ukuta ukisogezwa tarakimu hubaki zilezile.

Kasoro ya tatu imo katika kitenzi chenyewe. Mwalimu wa hesabu humwambia mwanafunzi abadili mita 3 kuwa sentimita, naye hujibu 300. Hakuna kilichopungua wala kuongezeka. Hivyo ndivyo tulivyozoeshwa kulielewa neno “kubadili” tangu shule ya msingi: umbo huwa jingine na thamani hubaki ileile. Mchora ramani anayechora upya juu ya picha hawezi kutoa ahadi hiyo, lakini neno limekwisha kuitoa kwa niaba yake.

Natuchukue mfano. Katika skeli ya 1:100, ukuta wa mita 6 huwa na milimita 60 karatasini. Karatasi ya A3 ikipunguzwa kuwa A4, ukuta huo huwa na milimita 42 hivi, na asiyeisahihisha skeli atauandika kuwa wa mita 4.2. Kosa hilo ni kubwa na huonekana upesi. Lililo baya zaidi ni dogo: nakala iliyovutika kwa asilimia 2 huufanya upande wa kiwanja wa mita 20 uzidi kwa sentimita 40. Afisa anayepokea faili hilo huona mistari iliyonyooka na tarakimu safi, wala hana sababu ya kushuku. Msingi ukichimbwa kwa kulitegemea, waweza kuvuka bikoni ya jirani.

Tunapendekeza, basi, maneno manne. Faili lenye mistari liitwe “mchoro-mistari”, na lenye vitone liitwe “mchoro-picha”. Kuitoa mistari iliyomo katika PDF kuitwe “kurejesha mchoro”. Kuchora upya juu ya picha kuitwe “kufuatisha mchoro”. Neno “kufuatisha” si geni: mtoto anayejifunza kuandika hufuatisha herufi zilizochorwa kwa nukta, na kila mtu ajua kwamba mkono wake waweza kukosea.

Yawezekana tukaambiwa kwamba “kubadili” limekwisha kukaa vinywani mwa watu. Hatuna nia ya kulifukuza katika mazungumzo ya mitaani. Twataka lisitumike katika mkataba, barua ya halmashauri na kitabu cha mafunzo, ambako neno moja huamua nani atawajibika kwa kipimo. Faili likiandikwa kuwa “limefuatishwa”, afisa atajua kwamba yampasa kudai vipimo vya uwanjani kabla ya kutia sahihi.

Wafasiri, walimu na watumishi wa halmashauri wanaombwa wayapime maneno haya katika kazi zao, na kutuletea yaliyo bora kuliko haya pale watakapoyaona.