Hesabu ya Tanuu la Chokaa

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na magofu ya Kilwa Kisiwani, kuta za kale zimeshikwa na chokaa ya matumbawe. Mafundi waliyapanga mawe juu ya magogo, wakawasha moto, wakangoja. Kilichotoka kilikuwa cheupe, na chepesi kuliko kilichoingia. Sijui mlango mzuri zaidi ya wepesi huo wa kuingilia zile hesabu za kemia zinazowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tatu.

Tumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Kwa uzito wa atomu, kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu; jumla 100. Moto huligawa kuwa chokaa, CaO, yenye 56, na hewa ya ukaa, CO₂, yenye 44. Basi kilo 250 za tumbawe safi zikiiva sawasawa hutoa kilo 140 za chokaa, na kilo 110 hupaa, mbali na moshi wa kuni zenyewe. Hewa ile haina rangi wala haijakaa kwenye mizani, lakini kalamu imeupata uzito wake. Hilo hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Ufundi wenyewe hauna mambo mengi, ila una utaratibu usiokubali kurukwa. Mlinganyo husawazishwa kwanza. Kisha gramu hugeuzwa kuwa moli, kwa sababu mlinganyo huhesabu chembe, si gramu. Moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³, idadi iliyowekwa rasmi mwaka 2019. Hakuna wa kuzihesabu moja moja, hivyo tunazipima, kama muuza vifaa vya ujenzi anavyouza misumari kwa kilo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Katika kutengeneza amonia, moli 1 ya naitrojeni huhitaji moli 3 za haidrojeni. Mwenye haraka huchukua gramu 28 za naitrojeni, akazidisha kwa tatu, akaandika 84. Haidrojeni inayotakiwa ni gramu 6 tu! Ile tatu ni ya chembe, na chembe za haidrojeni ni nyepesi mno. Mwalimu anayeharakisha hatua hii anamnyima mwanafunzi kiini cha somo zima, kwani yanayobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Mjerumani Jeremias Benjamin Richter alianza kuchapisha kitabu chake cha elimu hii mwaka 1792, akipima kiasi cha asidi kinachozimua kiasi fulani cha besi. Alifariki 1807, mwaka mmoja kabla John Dalton hajachapisha kitabu chake kuhusu atomu. Uwiano aliuona kwenye mizani tupu, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa mizani.

Turudi kwenye zile kilo 140. Kuizima chokaa hiyo yote kunataka maji kilo 45, mbali na yanayopotea kwa mvuke, maana inapozimwa huchemka kwelikweli. Zinakuwa kilo 185. Ikishapakwa ukutani, taratibu hufyonza hewa ya ukaa. Ikikamilisha kilo 110, huachilia zile 45 za maji na kubaki kilo 250 za kalsiamu kaboneti, uzito uleule wa tumbawe.

Tanuu, hata hivyo, haliivishi kila jiwe. Tuseme zimetoka kilo 162. Asiyejua hesabu atafurahia wingi, kumbe uzito uliozidi ndio hasara: zimepaa kilo 88 badala ya 110, yaani asilimia 80. Kwa hiyo ndani ya rundo mna kilo 112 za chokaa na kilo 50 za mawe mabichi. Anayetaka kuyatambua avunje bonge, achukue kipande cha kiini chake, akitie kwenye siki ya kutosha. Kikitoa mapovu, bado kina tumbawe, na kinafaa kurudishwa motoni.