Bei ya Sauti: Ngano ya Nguva na Filamu ya The Little Mermaid

Utangulizi

Hans Christian Andersen alichapisha ngano ya nguva mdogo mjini Copenhagen mwaka 1837. Mwaka 1989 shirika la Walt Disney lilitoa filamu ya katuni yenye nyimbo, The Little Mermaid, iliyotokana na ngano hiyo. Filamu ilielekezwa na Ron Clements na John Musker. Muziki ulitungwa na Alan Menken, na maneno ya nyimbo na Howard Ashman. Muziki wake ulituzwa Oscar mbili. Wanaoilinganisha filamu hii na ngano aghalabu hulalamikia jambo moja, nalo ni mwisho wake. Katika ngano nguva anageuka povu; katika filamu anaolewa. Lalamiko hili lina ukweli, ila halifiki mbali. Linachukulia kwamba filamu iliifuata ngano kwa uaminifu hadi karibu na kikomo, kisha ikapotoka ama kwa kuyaogopa machozi ya watoto ama kwa tamaa ya kuuza tikiti.

Makala haya yanashikilia rai tofauti. Badiliko kuu halipo mwishoni bali mapema, katika tukio la ufuoni ambapo mwana wa mfalme anazinduka baada ya kuokolewa. Hapo ndipo filamu inapoibadilisha maana ya sauti, na sauti ndiyo nguzo ya hadithi nzima. Hilo likishafanyika, harusi inakuwa tokeo tu la kimantiki. Swali linalofaa kuulizwa basi si kwa nini nguva wa filamu hafi, bali ni nani anayeisikia sauti yake.

Sauti katika ngano

Wasomaji wa Andersen hawausahau ulimi uliokatwa. Nguva anamwendea mchawi wa baharini ili apate miguu. Mchawi anadai sauti iwe malipo, anamkata ulimi, kisha anampa dawa itakayomfanya ahisi, kila akanyagapo ardhi, kana kwamba anatembea juu ya visu. Mwana wa mfalme akimwoa mwingine, nguva atakufa alfajiri itakayofuata harusi. Kinachosahaulika kwa wepesi ni kwamba mwana wa mfalme hakuwahi kuisikia sauti hiyo kabla haijakatwa. Usiku wa dhoruba nguva anamwokoa, anamlaza ufuoni karibu na nyumba ya ibada, kisha anajificha nyuma ya mawe. Msichana mwingine anamkuta pale, na huyo ndiye kijana anayemdhania kuwa mwokozi wake. Hapana wimbo unaoimbwa ufuoni hapo.

Andersen ameitayarisha hali hii mapema. Dada za nguva huogelea mbele ya merikebu wakati wa tufani na kuwaimbia mabaharia juu ya uzuri wa vilindi, lakini mabaharia hawayaelewi maneno yao. Hudhani ni mvumo wa tufani. Hivyo basi, tangu mwanzo sauti ya nguva ni kitu ambacho sikio la binadamu haliwezi kukipokea. Nguva anapoikabidhi kwa mchawi, anatoa kilicho bora zaidi katika maisha yake, na anakitoa kwa ajili ya mtu ambaye hatajua kamwe kuwa kimetolewa.

Ukali wa jambo hili unadhihirika katika tukio la jumbani. Watumwa wa kike waliovaa hariri na dhahabu wanaimba mbele ya mwana wa mfalme, na mmoja wao anawapita wenzake kwa uzuri wa sauti. Mwana wa mfalme anampigia makofi na kutabasamu. Nguva anahuzunika kwa kuwa anajua kwamba yeye alikuwa na sauti nzuri kuliko hiyo. Hana njia ya kulisema hilo, na hakuna aliye karibu anayeweza kulisema kwa niaba yake. Sadaka yake haina shahidi isipokuwa msomaji. Huu ndio msiba wa ngano. Kifo cha mwishoni kinaukamilisha msiba huo, hakiuanzishi.

Sauti katika filamu

Katika filamu ya 1989, Ariel anamwokoa Eric na kumwimbia pale ufuoni. Eric anazinduka akiwa na kumbukumbu moja tu, ya msichana aliyeimba. Tangu hapo hamtafuti mtu ambaye sura yake anaijua. Anamtafuta mwenye sauti ile. Ni badiliko dogo kwa kipimo cha dakika, ila linaihamisha hadithi kutoka aina moja ya ngano hadi nyingine. Sauti sasa inafanya kazi ambayo kiatu hufanya katika ngano ya Cinderella. Imekuwa alama ya utambulisho, na ngano za utambulisho zina kanuni yake: alama ikipotea lazima ipatikane, na ikipatikana mwenyewe hujulikana. Msikilizaji angehisi ametapeliwa iwapo kiatu kisingemtosha yeyote.

Mambo mengine yote yanaifuata kanuni hiyo. Ursula hamkati Ariel ulimi. Anaivuta sauti yake na kuihifadhi ndani ya kombe. Kilichohifadhiwa huweza kuibwa, kuvaliwa shingoni na kurudishwa. Ndivyo inavyotokea: Ursula anajigeuza msichana, analivaa kombe, na kumpumbaza Eric kwa sauti isiyo yake. Kombe linapovunjika, sauti inamrudia Ariel na Eric anamtambua papo hapo. Katika ngano mwana wa mfalme alishangilia sauti hafifu kwa kuwa ile bora hakuijua. Katika filamu anaisikia sauti yenyewe, ila kutoka kinywa kisicho chake. La kwanza ni kutojulikana kusiko na tiba. La pili ni udanganyifu, na dawa ya udanganyifu ni kufichuliwa tu.

Msomaji wa fasihi simulizi ya Afrika ana cha kulinganisha hapa. Katika ngano nyingi za bara hili, sauti iliyotengana na mwili hutoa ushahidi. Ndege, mti au ngoma huimba habari za aliyedhulumiwa, na aliyetenda uovu hufichuka mbele ya watu. Wimbo katika ngano hizo husema kile ambacho maneno ya kawaida yamezuiwa kukisema. Filamu inakaribia muundo huu, kwani ndani yake pia sauti inatoka katika mwili wa mwenyewe. Hata hivyo inaugeuza: sauti iliyotengwa inatoa ushahidi wa uongo, na ukweli unadhihirika inaporudi mwilini. Lililo muhimu ni kwamba katika ngano zote za aina hii kuna hadhira inayosikia na kuhukumu, na haki hutegemea hadhira hiyo. Andersen ndiye aliyeiondoa. Filamu, kwa kuirejesha, imeirudisha hadithi ya mwandishi mmoja kwenye mkondo wa ngano za jumuiya. Hili si kosa kisanaa. Ni uchaguzi, na kila uchaguzi una gharama yake.

Wimbo na kimya

Gharama hiyo inaonekana vizuri zaidi sehemu ya kati ya filamu, ambapo Ariel hana sauti. Ashman alitoka katika tamthilia za nyimbo za jukwaani, na alileta utaratibu wa huko: mhusika mkuu hutangaza shauku yake mapema kwa wimbo, na hadithi nzima huwa ni safari ya kuifikia. Wimbo wa Ariel pangoni, akiwa kati ya vitu alivyookota vya wanadamu, ni mfano bora wa utaratibu huo. Jeffrey Katzenberg, mkuu wa studio wakati huo, alitaka uondolewe baada ya onyesho la majaribio, watazamaji watoto walipoonekana kukosa utulivu. Ashman na wenzake waliutetea, ukabaki. Walikuwa sahihi. Ariel anauimba wimbo huo kabla hajamwona Eric, na hivyo shauku yake ni yake mwenyewe kabla haijawa mapenzi. Kwa hili filamu imemheshimu Andersen, ambaye nguva wake pia anaitamani dunia ya juu tangu utotoni.

Tatizo ni kwamba mhusika aliyejengwa kwa wimbo, akinyang'anywa wimbo, anabaki na nini? Wachoraji, wakiongozwa na Glen Keane na Mark Henn katika kumchora Ariel, walijibu kwa uso, macho na mikono, na jibu lao ni zuri. Muundo wa filamu, kwa upande wake, unakikwepa kimya. Wengine wanaimba mahali pake. Kaa Sebastian anaongoza wimbo wa ziwani unaomhimiza Eric ambusu, na ndiye anayemnong'onezea Eric jina la msichana. Hili ni ajabu, maana Ariel alikwisha kulitia jina hilo kwenye mkataba wa Ursula kwa mkono wake mwenyewe. Anayeweza kuandika jina lake si bubu kikamilifu. Filamu hailizingatii hilo kwa sababu haikukusudia kukichunguza kimya. Inakihitaji kiwe kizuizi cha siku tatu tu. Maumivu ya miguu nayo yameachwa. Ariel anayumba mara chache na mtazamaji anacheka. Mwili wake haulipi kitu.

Fauka ya hayo, filamu imeacha kile ambacho nguva wa Andersen alikitafuta pamoja na mapenzi, yaani roho isiyokufa. Katika ngano, nguva huishi miaka 300 kisha huwa povu. Binadamu huishi muda mfupi lakini roho yake hudumu. Bei kubwa inaeleweka kwa kuwa kinachonunuliwa ni kikubwa. Roho ikiondolewa, bei haina budi kupunguzwa, la sivyo biashara yote itaonekana wazimu. Ulimi unakuwa kombe, visu vinakuwa kuyumba, na kifo kinakuwa kifungo katika bustani ya Ursula ambacho baba mtu, mfalme Triton, anakubali kukichukua badala ya binti yake.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba sanaa ya nyimbo haiwezi kuvumilia mhusika asiyeimba, na kwamba waandaaji hawakuwa na njia nyingine. Opera ya Antonín Dvořák, Rusalka, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Prague mwaka 1901 kwa matini ya Jaroslav Kvapil, inaijibu hoja hiyo. Kvapil alichota kutoka kwa Andersen miongoni mwa wengine. Rusalka akishakuwa binadamu, hawezi kutamka neno mbele ya wanadamu, na katika jumba la mwana wa mfalme anasimama kimya huku binti mfalme mgeni akiimba. Baba yake wa majini anapomjia, Rusalka anaimba. Sauti haikutoweka, ila wanadamu wamefungiwa mlango wake. Dvořák hakukiondoa kimya wala wimbo. Alipanga nani asikie na nani asisikie, na msiba ukabaki mzima hadi mwana wa mfalme anapokufa kwa busu lake.

Toleo jipya la Disney la 2023, lililoelekezwa na Rob Marshall huku Halle Bailey akiwa Ariel, linakaribia ufumbuzi huo. Ariel akiwa bubu anapewa wimbo wa ndani ambao mtazamaji anausikia ilhali wahusika wengine hawausikii. Mwishoni yeye mwenyewe ndiye anayeushika usukani wa meli inayomwangamiza Ursula, kazi ambayo mwaka 1989 alipewa Eric. Haya ni maendeleo ya kweli katika usawiri wa mhusika wa kike. Hata hivyo tukio la ufuoni limeachwa lilivyo. Eric bado anaikumbuka sauti, sauti bado ni kiatu cha Cinderella, na hadithi bado haina budi kuirudisha. Mhusika amepewa uwezo zaidi ndani ya muundo uleule.

Hitimisho

Ingekuwa si haki kumfanya Andersen kipimo kisicho na dosari. Naye hakustahimili kimya hadi mwisho. Nguva wake, baada ya kukitupa kisu ambacho dada zake walimletea ili amuue mwana wa mfalme, hapotei kabisa. Anakuwa mmoja wa mabinti wa hewa, wenye matumaini ya kupata roho baada ya miaka 300, na watoto wasomaji wanaambiwa kwamba tabia zao njema au mbaya zitaupunguza au kuuongeza muda huo. Mahubiri haya yanaidhoofisha ngano. Ila katika ukurasa huohuo lipo jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili: nguva anaporuka hewani anauliza anakwenda kwa nani, na sauti inamtoka. Andersen pia ameirudisha. Tofauti ni kwamba anasema ni sauti ambayo muziki wa duniani hauwezi kuiiga. Imerudi mahali ambapo mwana wa mfalme hataisikia.

Kwa hiyo kazi hizi zote zinairudisha sauti kwa namna moja au nyingine, na zinatofautiana katika msikilizaji. Andersen anairudisha nje ya masikio ya wanadamu, Dvořák anaihifadhi kwa viumbe wa majini, na Disney inamrudishia nguva mbele ya yule aliyekuwa akiitafuta. Mtoto anayeitazama filamu anajifunza kwamba ukweli wa mtu hatimaye hutambuliwa. Mtoto anayeisoma ngano anajifunza kwamba mtu aweza kutoa kila kitu na asijulikane, na kwamba kutoa huko bado kuna thamani. Mafunzo yote mawili yana mahali pake katika malezi. Filamu haina lawama kwa kuchagua la kwanza. Lawama ni ya uhakiki unaoendelea kubishana juu ya harusi na povu bila kurudi ufuoni, ambako wimbo mmoja uliamua yote mawili.