Sifa za Fundi Gemu

Nataka kumsifu fundi ambaye hatajwi panapohesabiwa kazi za heshima Katoro. Mji huu wa barabara ya Geita kwenda Chato umekuzwa na dhahabu na biashara, na ukiuliza habari za mafundi utaelekezwa kwa wa pikipiki, wa makarasha na wa pampu za kuvuta maji mashimoni. Fundi gemu hukumbukwa na vijana peke yao. Mimi namhesabu miongoni mwa watunza urithi.

Mashine anayoijua nje ndani ni PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani Machi 2000. Sony iliuza zaidi ya milioni 150 kabla ya kuacha kuitengeneza, habari iliyotangazwa rasmi Januari 2013. Tangu wakati huo, kila inayowaka kwenye kibanda cha gemu inaishi kwa mkono wa fundi.

Mtazame akiwa kazini. Analegeza skrubu, anapuliza vumbi la kiangazi ambalo feni imelivuta hadi likaganda ndani. Anapangusa lenzi kwa pamba na spiriti, taratibu, maana kilichoishikilia ni chembamba sana. Mwanga wa lenzi ukiwa umefifia, anazungusha kirekebisho chake kidogo mno, anajaribu diski, anazungusha tena. Akizidisha, lenzi inaungua. Umeme nao anauangalia: mashine iliyokuja moja kwa moja kutoka Japani haichomeki ovyo ukutani, kwa kuwa umeme wa huko ni volti 100 na wetu ni 230. Lenzi ikifa kabisa, anaifanya mashine isome gemu kutoka kwenye flashi, kwa Open PS2 Loader, programu ambayo wapenzi wa mashine hii waliiandika na kuigawa bure. Hapo kuna kikwazo kingine: flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la kufika GB 4, na zipo gemu zinazozidi kiasi hicho. Basi anaikata gemu vipande, mashine inavisoma mfululizo, na mchezaji hahisi kiungo. Hiyo ni elimu kamili, na wengi wameipata kwa kukaa pembeni ya aliyetangulia.

Kuwasha mashine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifanya gemu imtambue anayeicheza. Pro Evolution Soccer ya Konami ilipendwa sana, lakini kwa miaka mingi ilikosa haki za majina ya klabu nyingi: Chelsea ikaitwa London FC, Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Ligi Kuu yetu haikuwemo kabisa. Wapenzi wenye ujuzi, wa nchi nyingi, wakafungua mafaili, wakasahihisha majina, wakachora jezi upya. Hata kwenye simu, kwa programu ya PPSSPP inayoiga mashine ya PSP, zinachezwa nakala zilizotiwa Simba na Yanga.

Wapo watakaoona hilo kuwa pambo. Lakini fikiria: msimu wa 2021/22 klabu ya Geita Gold ilicheza Ligi Kuu, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mwaka 2024 timu ikashuka daraja. Gemu za makampuni makubwa hazina msimu ule. Kijana anayeketi na kompyuta akaichora jezi ya Geita Gold, akaandika jina la Mpole mgongoni, ametunza kumbukumbu ambayo hakuna kampuni iliyoona inalipa.

Suala la haki sitalikwepa. Aliyetunga gemu ametoka jasho, na gemu inayouzwa inunuliwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ulinzi huo nauheshimu. Kinachonisumbua ni kazi iliyotelekezwa na mwenyewe. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilibaini kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni. Machi 31, 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake The Crew, na waliokuwa wamelipia wakabaki na diski isiyofungua kitu. Kutokana na hilo ilianzishwa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo huko Ulaya ilipata saini zaidi ya milioni moja. Dai lao ni la haki: kilichouzwa kiachwe katika hali ya kuchezeka.

Mkoa wa Geita unaielewa hoja hii vizuri. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa miaka 7, na Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye nayo aliendeleze eneo. Akilikalia tu, anaweza kunyang'anywa. Haki imefungwa pamoja na wajibu. Hakimiliki haina sharti la namna hiyo. Mwenye gemu anaweza kuacha kuiuza, akaizima, na bado akamzuia kila mtu kuigusa. Natamani sheria imwambie: ukiacha kuitunza, usimzuie anayeitunza.

Kitabu kinaweza kungoja rafuni miaka mingi na bado kikasomeka. Gemu inahitaji mashine nzima, umeme unaoifaa na mtu anayejua kuiponya. Bila hivyo diski ni plastiki. Kwa hiyo siku Tanzania itakapoamua kutunza gemu, zikiwemo zinazotungwa na vijana wetu wenyewe, kabati na kufuli havitatosha. VETA iukaribishe ujuzi huu madarasani, maktaba na makumbusho ziutafutie nafasi na mshahara, na pa kuanzia ni kwa mafundi ambao tayari wanaifanya kazi hiyo kwa ada ya kupangusa lenzi.