Fani si Ganda la Hoja: Okot p'Bitek na Swali la Mwaka 1911

Katika karatasi za fasihi tunazosahihisha hapa Arua na Koboko, wanafunzi huandika "maudhui" upande mmoja na "fani" upande mwingine, kana kwamba hoja ni punje na mtindo ni ganda tu. Wanafalsafa wengi wa mkondo wa uchanganuzi nao huamini kuwa hoja nzuri hubaki ileile hata ikibadilishwa mavazi. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu aliyesoma Oxford, anatupa nafasi ya kulipima dai hilo.

Katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship, anaeleza jinsi mapadri wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911: nani aliwaumba? Lugha yao haikuwa na dhana hiyo ya kuumba, hivyo swali likawa: nani aliwafinyanga? Wazee walisema hawajui, kwani mtu huzaliwa na mamaye. Waliposhurutishwa, mmoja akamtaja Rubanga, pepo anayempinda mtu mgongo kwa maradhi. Jina hilo likawa la Mungu. Hapa hoja ni ya kimantiki: swali lilikosewa, basi jibu si ushahidi wa imani.

Katika Song of Lawino (1966), tunayoifahamu kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino, jambo hilohilo linasemwa na mke aliyedharauliwa, kwa dhihaka na maswali. Je, ni hoja ileile? Nasema hapana. Nathari inathibitisha kosa, na unaweza kuipinga hatua kwa hatua. Wimbo unaonyesha aliyelipa gharama ya kosa hilo: mtu anayeamriwa kukariri asichokielewa, kisha akiuliza anaitwa mjinga. Lakini wimbo nao una hatari yake: msomaji akishacheka, amekwisha kukubali kabla ya kupima.

Kiswahili kinatuongezea somo. Kitenzi chetu "kuumba" hubeba maana zote mbili, ya Mungu na ya mfinyanzi. Tukitafsiri harakaharaka, hoja ya Okot hupotea bila hata neno moja kukosewa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tuache kutoa alama kwa orodha ya tamathali. Tumuulize mwanafunzi: mtindo huu ukiondolewa, ni sehemu gani ya hoja inayoanguka? Na aanze na lugha ya kwao, iwe Kilugbara, Kikakwa au Kialur: mzee akiulizwa nani aliyemuumba, anasikia swali gani?