Kokoto Kwanza, Injini Baadaye: Mwongozo wa Kupima Reli Ndogo ya Bustani

Reli ndogo ya bustani hupimwa kuanzia chini kwenda juu: ardhi, tuta, kokoto, mataruma, reli, na mwisho kabisa kile kinachopita juu yake. Wengi wanaoisifu huanzia juu na hawashuki. Injini ikimeta na kupiga honi, makofi yanalia, simu zinatolewa kwa picha, na kitanzi cha plastiki kilichotupwa juu ya nyasi kuzunguka bwawa la kuogelea kinaitwa kazi ya ufundi. Injini hutoka dukani ikiwa ndani ya boksi lake. Njia hujengwa kwa mkono, na aliyeijenga ndiye anayestahili kuitwa fundi.

Kwa Kenya, kipimo cha kwanza hakina mjadala. Reli ya zamani ya kutoka Mombasa, iliyoanza kutandikwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria Desemba 1901, ina geji ya milimita 1,000. Reli ya bustani iliyoenea zaidi duniani, ile ambayo kampuni ya Lehmann ya Nürnberg iliiingiza sokoni mwaka 1968 kwa jina la LGB, ina geji ya milimita 45. Kwa skeli ya 1:22.5 mambo hayo mawili yanakutana karibu sawasawa, kwa hiyo mtu wa Mombasa, Voi au Mackinnon Road anayetaka reli ya kwao hahitaji kupindisha chochote. Tatizo ni kwamba reli mpya ya mwaka 2017 ina geji ya milimita 1,435, nayo kwa skeli ya 1:32 hutua kwenye reli zile zile za milimita 45. Hapo ndipo ulaghai unapoingia. Behewa la 1:32 huburutwa na injini ya 1:22.5, na kwa kuwa yote mawili yanapita bila kuanguka, hakuna anayeuliza. Dawa yake ni kutazama watu. Abiria wa mita 1.70 awe na urefu wa sentimita 7 na nusu hivi kwenye skeli ya kwanza, na kama 5 kwenye ya pili. Ikiwa mkuu wa stesheni ni mrefu kuliko mlango wa behewa, ukaguzi umekwisha.

Baada ya skeli huja mkondo wa njia. Kutoka Mombasa hadi Mackinnon Road ni takriban kilomita 90. Kwa skeli ya 1:22.5 zingekuwa kilomita 4, na hakuna bustani ya namna hiyo. Lazima fundi achague, na uchaguzi wake humfichua. Reli nzuri haionekani yote kwa mara moja. Treni ipotee nyuma ya kichaka au kilima, mtazamaji aisubiri, ndipo itokee. Kona yenye nusu kipenyo cha chini ya mita 2 haikubaliki. Kanuni hii haijulikani nani aliiweka, lakini haivunjwi. Mpando usizidi mita 1 na nusu kwa kila mita 100, kwa kuwa ndio uliowekewa njia kuu ya kupanda bara, na treni inayopanda kwa mwendo wa mbuzi mlimani ni ya watoto.

Sasa kokoto. Hapa mgeni hujikwaa kila mara. Anaona vijiwe kati ya mataruma, anaridhika, wala haulizi ni vya jiwe gani, vya ukubwa gani, na vimekaaje.

Kokoto za reli halisi ni jiwe gumu lililopondwa likabaki na kona kali, ukubwa wa sentimita 3 hadi 6 hivi. Kona ndizo zenye kazi. Jiwe hushika jiwe, taruma halichezi treni inapopita, uzito hugawanyika, na maji ya mvua hupenya yakaenda zake. Kwa skeli ya 1:22.5 jiwe la sentimita 5 hubaki na milimita 2 na kitu, yaani kati ya punje ya ulezi na punje ya mtama. Ziangaliwe basi zile bustani zinazosifiwa. Mmoja ameagiza kokoto za zege za milimita 20. Kwa skeli hiyo kila moja ni jabali la sentimita 45, ambalo hakuna mtu wa genge la reli angelinyanyua peke yake. Mwingine ameleta vijiwe vya mtoni, vya mviringo, vinavyoteleza na kuviringika kila injini inapopita, na baada ya mwezi mataruma yanachungulia hewani. Wa tatu, na huyu ni wa Pwani hasa, ameponda matumbawe kwa sababu ni meupe na yapo karibu. Matumbawe ni laini. Mwaka wa kwanza yanang'aa. Zikipita masika mbili yanasagika, unga wake unashikamana, maji yanatuama, magugu yanapata shamba.

Fundi hununua vumbi la machimbo ya mawe magumu, akalichekecha mara mbili. Chekecheke ya kwanza huzuia makubwa, ya pili hupitisha unga, na kinachobaki katikati ndicho kokoto. Kisha huosha hadi maji yatoke safi. Ni kazi ya siku nzima kwa mita chache, ndiyo maana wengi huiruka. Akishamwaga, huzishindilia chini ya kila taruma kwa kijiti, pande zote mbili, kisha hujenga bega: kokoto huvuka ncha za mataruma kwa sentimita 1 au zaidi kidogo, ndipo zinateremka. Njia isiyo na bega ni njia inayongoja kupinda jua likipanda. Juu, kokoto zilingane na uso wa taruma na zisiufunike. Kufunika ni kuficha jambo.

Na mara nyingi jambo lipo. Mafundi husimulia kisa cha mzee aliyestaafu genge la reli upande wa Mazeras, aliyealikwa kukagua reli ya bustani ya tajiri mmoja. Mwenyeji akawasha injini, mzee hakuitazama. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga polepole katikati ya mataruma, akachuchumaa. Maji yakasimama. "Bwana mkubwa," akasema, "hii si njia, hili ni josho." Chai aliinywa, maandazi aliyala, lakini injini hakuitaja hadi alipoaga.

Walaghai wana njia mbili kuu. Wa kwanza huchanganya kokoto na saruji, zikashika kama sakafu. Siku ya kuonyesha hakuna njia inayonyooka kama yake. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, udongo chini hukaa, saruji hupasuka, na tangu hapo hakuna taruma linaloweza kuinuliwa na kushindiliwa upya bila nyundo. Wa pili hupulizia oili chafu ili njia ionekane ya zamani. Oili hunasa vumbi, hukata umeme kati ya reli na magurudumu, na harufu yake humtangulia mgeni getini. Uzee wa kweli huja wenyewe, kwa kutu na mavumbi mekundu, na haununuliwi kwa kopo.

Mataruma nayo yana siri yake, ingawa si kubwa kama ya kokoto. Seti za dukani zina mataruma ya plastiki ya rangi ya kahawia yenye mistari ya mbao. Njia ya zamani ya Kenya, kwa sehemu kubwa, imelala juu ya mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayawezi. Kwa hiyo yawe laini, bila mistari, ya rangi ya kutu. Tena reli zenyewe ziachiwe nafasi kwenye maungio. Reli ya shaba ya manjano yenye urefu wa mita 10 huongezeka kama milimita 6 joto likipanda nyuzi 30, na jua la Pwani halina mzaha. Aliyebana maungio yote asubuhi ya ubaridi hurudi saa nane akakuta nyoka.

Kuhusu injini maneno yawe machache, maana zimeshasifiwa vya kutosha. Anayetaka heshima ajaribu Garratt ya daraja la 59. Injini 34 za daraja hilo zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hakuna injini za mvuke za geji ya mita zilizozizidi nguvu. Urefu wa moja ulizidi mita 30, kwa hiyo kwa skeli sahihi mfano wake uzidi mita 1.3. Zile fupi za nusu mita zinazotangazwa kwa jina hilo ni Garratt zilizokatwa tumbo. Rangi ni nyekundu iliyoiva ya Reli ya Afrika Mashariki, yenye kuelekea damu ya mzee. Nyekundu ya lori la zimamoto ni kosa, na hakuna haja ya kueleza kwa nini.

Mimea hukosewa na wengi hata pale njia ilipo nzuri. Ua la waridi la sentimita 8 ni mwavuli wa karibu mita 2 juu ya kichwa cha abiria. Majani yawe madogo kabisa, matawi yawe na miiba, na ardhi ionekane kati ya kichaka na kichaka, maana nyika ya Taru si zulia. Kwa mbuyu hakuna kinachoshinda waridi la jangwani lenye shina lililovimba, mradi anayelipogoa akumbuke kwamba utomvu wake ni sumu.

Wanaodhani reli ndogo ni mchezo ulioletwa juzi na watalii hawajui ya kale. Mwaka 1879 Sultani Barghash wa Zanzibar alijengewa reli ya futi 2 ya kumfikisha kwenye jumba lake la Chukwani. Mabehewa yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha injini ndogo ikaagizwa Uingereza. Mwaka 1890 Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, ya Sir William Mackinnon, ilianza reli ya geji kama hiyo kutoka Mombasa ikikusudia kufika bara. Ilikomea maili 7. Mombasa yenyewe ilikuwa na troli zilizosukumwa na watu kwenye vijireli vya mitaani, wakubwa wakikaa chini ya kivuli cha turubai, hadi motokaa zilipozifuta. Vijireli hivyo vilijua kupita uchochoro. Reli za sasa za bustani, pamoja na umeme wake wote, hazijui hata kupita kando ya ukuta bila kuukwaruza.

Mwenye nia ya kujifunza aende akaione njia halisi, na mahali pazuri pa kuanzia ni Mackinnon Road, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, baada ya Samburu na Taru. Jina ni la barabara ya mkokoteni ya kampuni ile ile. Treni za abiria za reli mpya hazisimami hapo, kwa hiyo usafiri ni matatu au basi. Kando ya reli ya zamani pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye wengi humwita Pir Baghali, Mpunjabi aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli. Inasimuliwa kwamba wenzake waliliona karai lake la mzigo likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Waislamu husimama kuomba dua, na wasio Waislamu nao hufika. Karibu Wahindi 32,000 waliletwa kujenga reli hiyo na kama 2,500 walikufa, na mmoja wa wachache ambao majina yao bado yanatajwa na wasafiri ni huyu wa karai. Wapenda injini wanaotafuta mlinzi wa kazi yao watafute kwingine.

Mgeni huvua viatu, huvaa nguo za kujisitiri, na hutoa sadaka akipenda. Akimaliza, aitazame njia kwa mbali bila kukanyaga reli: bega la kokoto, rangi ya mataruma, jinsi tuta linavyokutana na mchanga mwekundu. Apige picha za vitu hivyo. Nyika iliyo pembeni ilibeba ghala kubwa la jeshi la Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1954 watuhumiwa wa Mau Mau walizuiliwa hapo kambini kwa maelfu. Fundi wa reli ndogo anayejenga Mackinnon Road ya miaka hiyo na kuacha seng'enge amejenga mahali pengine.

Kwa mwenye siku ya ziada, kutoka Samburu ipo njia ya Kinango inayofika Kwale. Kando ya Kwale ni Shimba Hills, penye ndovu na maporomoko ya Sheldrick, na ndipo pekee nchini Kenya palipo na palahala wa porini. Akishuka hadi ufukweni, Diani kuna msikiti wa kale wa Kongo kwenye mdomo wa mto, msitu wa Kaya Kinondo ambao huingiwa kwa kuongozwa na wenyeji, na ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa. Ngazi hizo zinafaa kuangaliwa na yeyote anayejenga daraja: hazina pambo hata moja, na mbega hupita. Injini zenyewe ziko mbali zaidi, kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo imo Garratt namba 5918, Mount Gelai, na lipo behewa ambamo simba alimuua afisa wa polisi Ryall huko Kima mwaka 1900. Mwenye kutaka vipimo aingie na futi kamba na daftari, apime magurudumu, hatua za ngazi na urefu wa mlango.